Mzee wa Saiti anajibu: Nina milioni nane, nataka kuuza nyumba, hela niiweke wapi?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti, nifanye nini nyumba yangu ipande bei. Nimechagua sita. Ambaye hajaiona ya kwake asome tu, mengi yanafanana.

Shikamoo Mzee wa Saiti. Nipo Kimara, mama wa watoto watatu. Nyumba yetu ina vyumba vitatu, kimoja masta. Mume wangu amehamishiwa Dodoma kikazi tunataka tuuze kabla mwaka haujaisha. Nimeweka milioni nane pembeni ya kuirekebisha. Dada yangu ananambia nitoe taili zote niweke zile kubwa zinazong'aa na nifunge makabati ya jiko ya kisasa, mume wangu anasema tupake rangi tu tuuze. Kiwanja tuna mkataba wa kununulia wa 2009, hakijapimwa. Maji ya DAWASA yapo ila ya mgao. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Hiyo hela usiishike kwanza, kaa chini unisikilize.

Mimi nimesimama getini na madalali mara nyingi sana nikiangalia wateja wanaingia, na kitu nilichojifunza ni kwamba mteja akishaipenda nyumba hataji taili hata siku moja, anauliza ina hati? Ukimwambia ni mkataba wa serikali ya mtaa unamuona uso unabadilika, alafu anaanza kushusha bei. Sio kwamba anakuonea, ana hofu. Na wengine hofu sio yao ni ya benki, maana benki nyingi hazichukui kiwanja kisichopimwa kuwa rehani, kwahiyo wanunuzi wengi wanaotegemea mkopo ushawapoteza hapo hapo, unabaki na wale wenye keshi mkononi na hao ndo wanaojua kubana.

Kwahiyo shilingi ya kwanza iende kwenye karatasi. Nenda serikali ya mtaa kaulize kama mtaa wenu umeingia kwenye urasimishaji, ule mpango wa kupima na kumilikisha viwanja vya makazi, na umefikia hatua gani, michoro imepitishwa au bado, bikoni, yale mawe ya mipaka, zimewekwa au bado, wewe unadaiwa shilingi ngapi. Mitaa mingi ya Dar watu walilipa mwanzo alafu wakaacha katikati, kumbe kilichobaki ni kidogo. Kama mtaa haupo kwenye mpango tafuta mpima mwenye leseni. Na hata kama hati haitatoka kabla hujauza, kiwanja chenye bikoni na ramani iliyopitishwa hakiuzwi bei moja na kiwanja ambacho mpaka wake ni mti wa mwarobaini wa jirani. Hati ikitoka utakuta imeandikwa miaka 33, 66 au 99, hiyo nayo mnunuzi ataisoma. Alafu mumeo asaini na wewe usaini, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzio, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivo na wanasheria wa wanunuzi siku hizi ndo wanaanza na hiyo.

Ikibaki hela, na itabaki, weka kwenye maji. Simtanki la lita 5,000 juu ya mnara imara wa zege au chuma, sio lile linaloning'inia kwenye mbao unaliona tu unaogopa kupita chini yake. Na funga gata kwenye paa. Hesabu yake nyepesi: milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Dar tunapata milimita elfu moja na kidogo kwa mwaka, sasa paa lako hata likiwa mita za mraba 100 ni lita laki moja zinapita tu zinaenda kuchimba msingi wako. Mnunuzi aliyekaa Kimara anaujua mgao, akifungua koki akaona maji yanatoka siku ambayo mtaa mzima hauna, hapo umeshauza nusu.

Ya tatu ni chooni. Fungua kila koki, flashi kila choo, angalia chini ya sinki pakoje. Shimo la maji taka kama limejaa linyonywe wiki moja kabla watu hawajaanza kuja kuangalia, maana mtu anaingia na pua yake na harufu ya karo hakuna rangi inayoificha. Bawaba za milango zitiwe mafuta, vitasa vilivyokufa vibadilishwe, taa zisizowaka zibadilishwe. Vitu vya elfu kumi kumi hivi lakini kila kimoja kikiwa kibovu mnunuzi anasema moyoni, kama hiki kimewashinda je nyaya za ndani ya ukuta?

Rangi mume wako yupo sahihi, ila iwe ya mwisho baada ya hayo yote, na rangi nyeupe au maziwa, sio ile zambarau ya sebuleni. Taili badilisha zilizopasuka tu. Makabati usifunge kabisa mwanangu, nakuomba. Jiko kila mtu ana ladha yake, wewe utafunga la milioni nne mwenzio akifika anang'oa wiki ya kwanza. Dada yako anakutakia mema lakini anaipamba nyumba ya kukaa, wewe unaiandaa ya kuuza.

Jambo la mwisho, risiti. Kila mfuko wa simenti, kila malipo ya fundi, risiti iwekwe kwenye faili moja. Ukiuza, TRA wanachukua kodi ya ongezeko la mtaji, kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na faida inapatikana baada ya kutoa ulichonunulia na ulichoendelezea. Huna risiti, huna cha kutoa.

Mzee shkamoo, mimi nakaa Kigamboni nyumba ina miaka saba, kuta za chini zinatoa chumvi rangi inabanduka kama maganda, nimepaka mara tatu inarudi. Fundi ananishauri nibandike taili ukutani mpaka kiunoni nitakuwa nimemaliza tatizo na nyumba itapendeza hata nikiipangisha. Nikubali?

Usikubali, na huyo fundi mwambie taratibu tu kwamba hapana.

Hiyo chumvi sio ugonjwa wa rangi, ni maji. Maji yapo kwenye udongo, tofali linayanyonya kama utambi wa jiko la mafuta ya taa unavyonyonya, yanapanda, yakifika pakavu yanakauka yanaacha chumvi, chumvi inavimba inasukuma plasta inadondoka. Ukiziba na taili maji hayajaondoka, yanatafuta pa kutokea, yanapanda juu ya taili, na mwaka ujao utaniandikia kwamba chumvi imefika dirishani.

Kwanza jua maji yanatoka wapi. Kama doa linaanzia chini na linakwenda mstari sawa kuzunguka nyumba basi ni la kutoka ardhini. Kama lipo ukuta mmoja tu wa bafuni hiyo ni bomba au sinki. Kama linashuka kutoka juu ni paa. Ukiwa na wasiwasi chukua kipande cha nailoni ubandike ukutani kwa soliteip pande zote nne, uache siku mbili, ukikuta unyevu upande wa ukutani basi maji yapo ndani ya ukuta, ukikuta upande wa chumbani basi ni joto na hewa kukosa pa kutokea, fungua madirisha.

Sasa toka nje uangalie. Watu wengi Kigamboni wanajaza udongo kuzunguka nyumba kila mwaka, wanapanda maua, mpaka udongo unapita usawa wa jamvi, ile DPC, yaani tabaka la kuzuia unyevu lililowekwa pale chini ya ukuta, inakuwa imefukiwa haina kazi tena. Ondoa huo udongo, ushuke angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu. Hamisha maua. Mwaga zege jembamba lenye mteremko kwenda nje kuzunguka nyumba yote, funga gata. Hiyo peke yake nshaiona inaponya nyumba ambazo watu walishazikatia tamaa.

Alafu ndo ubandue plasta mpaka kama sentimita 30 kupita mwisho wa chumvi, kwangua na brashi kavu, kavu nasema, ukiosha na maji unairudisha chumvi ndani. Acha ukuta wazi ukauke, wiki kadhaa, usikubali kuharakishwa. Kisha piga plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji na mchanga wa mto au wa machimbo, usiguse mchanga wa baharini hata wakikuuzia nusu bei, ule una chumvi tayari. Kama nyumba ilijengwa bila DPC kabisa hapo ni kazi kubwa zaidi, mwite mhandisi aione.

Na ukija kuuza usipake rangi juu ya chumvi siku tatu kabla. Mnunuzi atahamia na watoto wake kwenye unyevu huo, na wewe unajua.

Assalaam aleikum babu. Sisi ni ndugu tisa, tumeachiwa nyumba na marehemu bibi yetu Mji Mkongwe, Unguja. Imechoka, plasta inaanguka. Kaka yetu mkubwa anataka tupige simenti nyumba nzima nje ndani, tutoe madirisha ya mbao tutie alumini, ule mlango tuuze, kisha nyumba tuikodishe wageni. Wewe waonaje?

Waaleikum salaam wajukuu zangu. Barua hii nimeisoma mara mbili, na ningekuwa na nauli ningekuja.

Msiuze mlango. Naanza na hilo kwa sababu ndo litatokea kwanza, mtu atakuja na hela taslimu asubuhi. Nyumba ya Mji Mkongwe thamani yake ni ule uzee wake, mgeni atakayelipa kulala hapo hajatoka kwao kuja kulala kwenye chumba cha simenti na alumini, hicho anacho kwao. Mji huo upo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, na kuna Mamlaka ya Mji Mkongwe ambayo bila kibali chake hamgusi dirisha wala ukuta. Mkianza bila kibali mtasimamishwa na mtaamriwa kurudisha, mtatoa hela mara mbili.

Simenti sasa. Kuta za bibi yenu ni mawe ya matumbawe yameshikwa na chokaa, udongo mwekundu na mchanga. Ukuta ule unapumua, unanyonya unyevu na kuutoa. Simenti ni ngumu na haipumui, ukiupiga simenti nje na ndani umeufunga mdomo na pua, maji yanabaki ndani, yanalainisha kile chokaa cha katikati, na yanafika kwenye ncha za boriti za mikoko zilizoingia ukutani. Boriti zinaoza pale pale pasipoonekana. Juu unaona ukuta mweupe mzuri, ndani nyumba inakufa. Tumeona sote Beit al-Ajaib ilivyoporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, lile jumba kubwa kuliko yote pale Forodhani, na majumba madogo ya watu yanaanguka kila masika bila kuandikwa gazetini.

Mpangilio ni huu. Paa kwanza, na njia za maji ya mvua, maana maji ya juu ndo yanayoua nyumba zenu. Pili vyoo vya ghorofani, mabomba yanayovuja ndani ya kuta, hivo vimewekwa miaka ya baadae na mara nyingi vibaya. Tatu boriti, fundi agonge moja moja asikilize, iliyooza itolewe iwekwe nyingine ya ukubwa ule ule, na hapo mtaelewa kwa nini vyumba vya bibi ni vyembamba, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Mwisho kabisa plasta, ya chokaa, chokaa kilichoiva. Wapo mafundi Unguja wanaoijua kazi hii mpaka leo, ulizeni Mamlaka wenyewe watawaelekeza.

Ila wajukuu zangu, ndugu tisa. Mirathi imekwisha? Kama bado nendeni kwa Kadhi kwanza, na hakikisheni nyumba si ya wakfu wala si ya serikali iliyokuwa imekodishwa kwa bibi, maana pale nyumba nyingi ziko hivo na familia hazijui mpaka siku ya siku. Mmoja akitoa hela yake kutengeneza nyumba ambayo haijagawanywa, undugu unaisha kabla plasta haijakauka. Andikeni nani katoa nini, wote tisa msaini.

Mkuu nina nyumba Mbagala mbele kuna nafasi mpaka barabarani, nataka nishushe fremu nne za biashara, dalali kasema bei ya nyumba itapanda mara mbili.

Inaweza kupanda kweli, fremu zinalipa. Ila kabla hujanunua tofali moja kapime umbali. Sheria ya Barabara ya 2007 ilisogeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, na wengi waliojenga wakidhani wapo salama walijikuta ndani. Nenda TANROADS kama ni barabara yao, au TARURA kama ni ya mtaani, uombe wakuoneshe mwisho wa hifadhi, upate kwa maandishi. Kumbuka Kimara mpaka Kiluvya 2017, nyumba nzima nzima zilishushwa. Ukishawekewa X nyekundu hakuna fidia, na hakuna atakayekununulia hata zile vyumba za nyuma. Ukiwa nje ya hifadhi chukua kibali cha manispaa, kila fremu mita yake ya umeme, na choo cha wapangaji usisahau, wengi wanakisahau.

Salaam mzee wangu. Nafanya kazi Muscat, nyumbani kwetu Tanga nina nyumba ya chini vyumba vinne niliijenga 2012. Nataka nipandishe ghorofa moja juu, mdogo wangu anasimamia, fundi kasema msingi ni wa mawe hauna shida kabisa, unabeba. Nimeshaanza kutuma hela.

Mwanangu, simamisha kutuma leo. Mpigie mdogo wako ukimaliza kusoma hapa.

Msingi wa mawe ulijengwa kubeba kuta za tofali na bati. Ghorofa ni slabu ya zege na nondo, kuta nyingine juu yake, watu, vitanda, matangi ya maji, ni mzigo wa aina nyingine kabisa. Nyumba ya chini ya kawaida haina nguzo, uzito wote unakaa kwenye tofali, na tofali zetu za mtaani unajua wenyewe mfuko mmoja wa simenti unatoa tofali ngapi. Fundi anaposema unabeba anasema kwa macho. Mwambie akuandikie asaini uone kama atasaini.

Ghorofa ikiporomoka inaua. Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi watu wapo madukani, tulikaa siku kadhaa tunasikiliza waliofukiwa wanavyotafutwa. Sitaki kusikia hivo Tanga kwako, na mama yako si ndo anakaa humo?

Mlipe mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aende achimbe pembeni ya msingi auone kina na upana wake, apime zege, akuandikie ripoti. Ni gharama ndogo sana ukilinganisha na slabu. Akisema inawezekana kwa kuongeza nguzo na misingi yake mipya basi achore, mchoro uende halmashauri upate kibali kipya, kile cha 2012 ni cha nyumba ya chini hakikubebi. Akisema haiwezekani usisikitike, hela hiyo hiyo inajenga uani vyumba viwili selfu vyenye mlango wao, mpangaji analipa, na mnunuzi wa baadae anaona nyumba inayoingiza hela tangu siku ya kwanza. Kwa Tanga mimi ningefanya hivo hata kama msingi ungeruhusu.

Na hela tuma kwa hatua, msingi ukiisha mhandisi aone ndo utume ya kuta. Sio kwamba mdogo wako mwizi, simaanishi hivo, ila ukimpa hela yote mkononi unamuachia mtihani ambao yeye hakuuomba.

Hujambo mzee, niko Nyali Mombasa. Nataka kuchimba swimming pool kwa kompaundi ndio nyumba nikiiuza nipate bei nzuri. Mke wangu hataki.

Sijambo ndugu yangu. Mkeo yuko sawa. Pool inataka maji, na Mombasa maji ya mfereji mnayajua nyinyi kuliko mimi, mtu anakaa siku nyingi akinunua maji ya gari la bouza. Inataka dawa, pampu, stima na mtu wa kuisafisha, na mwenye watoto wadogo akiiona anaogopa badala ya kufurahi. Hiyo pesa weka tangi kubwa la chini ya ardhi, sola ya kuchemsha maji na taa, na kivuli cha kuegesha magari mawili. Kama una kisima, maji yapimwe chumvi, ukaweke karatasi ya vipimo pamoja na title. Na weka risiti za kila kitu, tangu Januari 2023 kodi ya faida ukiuza nyumba Kenya imetoka asilimia 5 ikawa 15, na gharama za kuiboresha zinatolewa kwenye hesabu ukiwa na ushahidi. Kama umeshamlipa mtu wa kuchimba mwambie ageuze shimo liwe hilo tangi.